Mama Akikataa Bei, Ndani ya Diski Mbili

Mpaka leo imenitoka dola mia tatu na themanini na sita. Humo mna diski mbili, mafuta ya gari kutoka Louisville hadi Buffalo na kurudi, ada za barabara, na boksi la tende nililompelekea fundi ili aone haya kunitoza. Hakunitoza. Nimehesabu mara mbili, na kwa fedha yote hiyo sijasikia hata neno moja la mama yangu.

Mama alikuwa akiuza kanga na vitenge sokoni Tanga. Safari yangu ya mwisho kumkuta hai, nilikaa naye kibandani asubuhi kadhaa, simu nimeilaza kati ya marobota, inarekodi. Nilitaka jioni nimsikilizishe acheke. Hamna wosia mle, wala dua. Ni mama akikataa bei tu. Mteja anataja bei yake, mama anakunja kwanza kanga moja, kisha anamwambia, "Kwa hiyo nikukatie kipande, ufunike goti." Mteja anacheka, anaongeza. Asiyeongeza anaagwa kwa adabu zote, na kabla hajafika kibanda cha tatu anarudi mwenyewe. Mama hakuwahi kumwita mtu. Aliendelea kukunja.

Niliporudi Marekani nilipitia kwa dada yangu, Westerville, kaskazini mwa Columbus. Yeye ndiye mkubwa wetu. Pale mjini nikapata muuza kompyuta mwenye diski za SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani, mpya kwenye boksi ila za toleo lililopita. Alitaja bei, nikatazama dari. Mwishoni akasema nikichukua mbili atanipunguzia. Nikachukua mbili, namba zake zimefuatana kama watoto wa darasa moja, na kila nilichorekodi nikakiandika kwenye zote. Dada aliniambia nilipie nafasi mtandaoni, kila mwezi kidogo. Nikamjibu siwezi kumpangia mama chumba kwa mtu nisiyemjua. Simu yenyewe nikaiuza, tena kwa bei nzuri.

Mwaka uliofuata mama akafariki. Dada hakwenda kuzika. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka asingeweza kurudi kwa wanawe. Hakuwa amemwona mama tangu aondoke nyumbani. Nilipomwambia nimtumie zile sauti, alinikatalia. "Bado, mdogo wangu. Nikizisikia sasa nitaamini kweli hayupo." Nikamwambia hazina haraka, zipo kwangu Highview, hapa Louisville, zipo mara mbili.

Nami nilizitunza kwa namna niliyoijua. Nilizifunga zote mbili kwenye kompyuta moja, nikaiwasha siku moja, na sikuizima tena, maana niliambiwa kuwasha na kuzima ndiko kunakochosha mashine. Mara moja moja kulitokea ujumbe kwamba programu ya ndani ya diski, ile inayoiongoza diski yenyewe, ina toleo jipya. Nilibonyeza "baadaye". Nilikwisha kuona simu nzima za watu zikiharibiwa na toleo jipya, na diski zangu zilikuwa hazinidai kitu.

Masika haya dada akapiga simu. Binti yake anaolewa, na wiki ya harusi nyumba itajaa wanawake wakipinda mapazia na kuchambua mchele. Akasema sasa yuko tayari. Anataka mama awemo humo ndani, apige kelele zake za bei watu wakifanya kazi. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyelifikiria muda mrefu, na mimi nikamwambia nipe nusu saa.

Nilifungua kompyuta. Diski ya kwanza haikuwepo. Sikushtuka, ndiyo maana niliweka mbili. Nikatafuta ya pili. Nikachomoa nyaya, nikapuliza vumbi, nikachomeka upya, na kwa mara ya kwanza maishani kuhesabu mara mbili kulinipa jibu lile lile ambalo sikulitaka.

Rafiki mmoja alinielekeza kwa Mkenya anayeishi Amherst, pembeni ya Buffalo. Alikuja kusoma chuo pale, akabaki, na kazi yake ni diski za maofisi. Nikafunga safari. Alizichomeka kwenye vyombo vyake, akaziangalia kwa zamu, akaniuliza kama niliziwasha siku moja. Nikamwambia siku moja, dakika moja.

"Basi zimekufa pamoja, boss. Ni kama ulibeba spare tairi yenye iko na msumari ule ule."

Akanieleza. Diski hizi huhesabu saa zote zilizokuwa macho. Katika programu ya ndani ya toleo lile kulikuwa na kosa. Hesabu ikifika mahali fulani, baada ya miaka minne na ushee ya kuwaka mfululizo, programu inakwama, na diski haiamki tena. Kiwanda kilikwisha kutoa marekebisho zamani. Ndiyo yale niliyokuwa nikiyaambia "baadaye". Diski ikiwa hai ni kazi ya dakika chache. Ikishakwama, hakuna mlango wa kuyapitishia.

Nikamuuliza sauti zimefutika? Akasema hapana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Zimo zote, nzima, ila aliyeshika ufunguo amepotewa na akili. Ziko maabara zinazoweza kumwamsha, mara nyingine. Nilizipigia mbele yake. Wanataka dola elfu moja na mia nane kwa kila diski, bila ahadi. Nikasema nitafikiria, nikakata, nikaweka simu mezani waniite. Tulikunywa chai yote. Hawakuniita. Mama naye asingeniita.

Kurudi nililala kwa dada, Westerville. Dada hakulia, alinipa chakula kwanza. Kisha akaniuliza mama anasema nini mle. Nikamwigizia: kipande cha goti, ile "nenda salama mwanangu", na ile anayomwambia mwanamke aliyeishika kanga tangu asubuhi kwamba sasa imekwisha kuwa mtumba. Dada alicheka mpaka akashika meza. Halafu akasema, "Maneno ni yake. Sauti ni yako." Nikajaribu tena, laini zaidi, nikaona hata mimi sina. Najua alichosema. Namna kilivyotoka siipati. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja akijaribu kidogo kidogo kutamka "ongeza", na haikuwa.

Anataka kuuza bangili zake tupeleke diski zote mbili wiki hii. Nimekataa bangili, hizo ni za binti. Mimi ningepeleka moja, nyingine niiweke mpaka vyombo viwe bora na bei ishuke. Kungoja ndiyo silaha pekee niliyo nayo katika biashara. Lakini Mkenya alinionya kwamba diski hizi hushikilia kumbukumbu kwa chaji ya umeme, na zikikaa bila kuwaka chaji huvuja polepole. Nilimbana aseme ni muda gani. "Labda miaka, labda mwaka. Sitaki kukudanganya." Na hizi zangu hata nikiziwekea umeme haziamki.

Harusi ni baada ya Idi. Fedha ya diski moja ninayo, ya mbili sina bila bangili. Kama wewe unayesoma hapa uliwahi kupatwa na diski iliyokwama kwa kuhesabu saa zake, na ukaipeleka ikafunguliwa, nakuomba uniambie: nipeleke moja na kuiweka ya pili, au nikubali bangili za dada ziende zote?