Aliyekataa Kuwazingira Pomboo

Dada yangu mkubwa ana kichwa kigumu, na anayetaka kubishana nami juu ya hilo aje tumalizane. Gatini wote wanamwita Subiri. Alikuwa nahodha mwanamke pekee pale, akiwapeleka wageni kuwaona pomboo kwa boti ya mjomba wetu. Mjomba alimpa usukani wakati wenye boti wengine wakimcheka, kwa hiyo akiupoteza, hakuna atakayempa mwingine. Alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Jina alilipata kwa namna alivyokuwa akifanya kazi. Akiwaona pomboo kwa mbali, anapunguza mwendo, anakaa ubavuni mwao bila kuwakata njia, kisha anazima injini. Wageni wakinung'unika anawaambia, "Subirini. Wakitaka kutuona, watakuja wenyewe." Mara nyingi huja. Wasipokuja anageuza boti, na wa kununa anune. Manahodha wengine wana redio na pupa. Mmoja akiona pezi tu anawaita wenzake, na wote wanakimbilia hapo kama watu waliosikia sukari inagawiwa bure.

Siku moja mjomba alipanda mwenyewe, pamoja na wageni aliotaka sana kuwafurahisha. Mimi nilikuwa nyuma, nawafunga watu jaketi za kuokolea. Tukamkuta pomboo mama na mtoto wake, mdogo hata kuibuka kuvuta pumzi bado anajifunza. Boti tatu zilikuwa zimeshawazingira. Mama akielekea huku, anazibwa. Akigeukia kule, anazibwa. Mtoto kamng'ang'ania ubavuni. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Dada alizima injini.

"Ingia," mjomba akasema. "Pale kuna nafasi."

"Nafasi hiyo ndiyo njia yao ya kutokea, mjomba."

"Kwani boti hii ya nani?"

"Yako. Lakini leo haiingii."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, we mtoto!"

"Guu lenyewe langu, mjomba."

Injini ile haiwaki bila kikamba chekundu ambacho nahodha hukifunga mkononi. Mjomba akanyoosha mkono akichukue. Dada akakichomoa, akakitumbukiza kifuani ndani ya blauzi, akakaza jaketi juu yake na kukunja mikono. Mjomba akabaki na mkono hewani. Mtu mzima na heshima zake, angeupitisha wapi kwa mtoto wa dada yake? Wageni wakaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Tulipokuwa tunacheka, mama alipita na mwanawe kwenye ile nafasi, wakazama, hatukuwaona tena.

Tuliporudi gatini, mjomba alimfukuza kazi mbele ya watu. Walidhani dada atapiga magoti kuomba msamaha. Thubutu!

Siku hizi kila asubuhi anasimama mwanzo wa gati, anawaambia wageni, "Kabla hujapanda, muulize nahodha kama akiwaona pomboo anazima injini. Akijiumauma, usipande." Wageni wanauliza kweli, na wengine wanageuza njia. Juzi mjomba alimfuata kwa hasira.

"Unaniharibia kazi! Si nilishakufukuza? Bado unatafuta nini hapa?"

"Usukani ulikuwa wako, mjomba, umeuchukua," dada akamjibu, wala hakupandisha sauti. "Mdomo sikuuazima kwako."