Punje ya Hindi Kwenye Kibodi

Baba yangu ni seremala hapa Mshangano, na tangu nikiwa mdogo ratiba yake ya jioni nilikuwa naijua: anakula, ananawa, anavuta kiti karibu na taa, anafungua kitabu. Shule hakwenda sana. Hata mimi sikwenda sana, niliishia kidato cha nne na cheti ambacho hakuna aliyekigombania. Lakini hadithi Baba alizipenda kama watu wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa akifika mahali pamenoga anafunga kitabu, anatazama ukuta kwa muda, anatikisa kichwa, kisha anaendelea.

Halafu macho yakaanza kumwacha. Ilikuwa presha ya macho. Tulimpeleka hospitali Peramiho, wakatueleza kwa upole kwamba lililokwenda halirudi, ila matone yatamlindia kidogo kilichobaki. Kilichobaki kilimtosha kuujua mlango ulipo na kumtambua mtu akisimama penye mwanga. Cha kusomea hakikuwepo.

Wakati huo alikuwa katikati ya riwaya moja, kitabu kizee kisicho na jalada. Kilimhusu mwanamke ambaye mume wake, dereva wa lori la mbao, alisafiri asirudi. Yule mwanamke akafunga khanga kiunoni akaanza kumtafuta, mji huu hadi mji ule. Baba aliishia pale mwanamke anapofika kwenye nyumba yenye mlango wa bluu na kupiga hodi. Alikunja kona ya ukurasa akaenda kulala, na baada ya hapo hakuweza tena kusoma hata mstari. Kwa hiyo miezi ikapita, mvua zikaja zikaondoka, na yule mama wa watu bado amesimama mlangoni.

Tulijaribu kumsomea. Mimi aliniambia nasoma kama nakimbizwa na nyuki. Mama anasoma vizuri, sauti yake tulivu, lakini akifika nusu ya ukurasa anasinzia na kitabu kinamwangukia kifuani. Mwishowe Baba akatukataza.

"Acheni tu," alisema. "Kusomewa ni kama kulishwa. Kijiko kinakuja wewe bado unatafuna."

Nikamwambia anaweza kunisimamisha wakati wowote.

"Mtu siyo redio, mwanangu. Nikuzime, nikuwashe, nikuzime? Utachoka, na mimi nitaona aibu."

Maneno hayo yalinikaa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari karibu na stendi ya mabasi, kuchapa barua za watu, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Nikawa nachapa huku nawaza: kama mtu siyo redio, je, kitu kinachoweza kuzimwa na kuwashwa bila kuchoka kikisoma kitabu? Kwenye mtandao nilishaona kwamba zipo programu za bure zinazosoma maandishi kwa sauti, mpaka kwa Kiswahili. Kilichokosekana ni kompyuta.

Nyuma ya mlango wa duka kulikuwa na moja iliyokufa zamani, inatumika kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nikamuuliza dada mwenye duka.

"Dada, ile kompyuta imekufa kabisa?"

"Imekufa, imezikwa. Unataka kuifanyia arobaini?"

"Nataka kujaribu kuifufua."

Akanitazama, akacheka. "Ichukue. Ila ikikulipukia usije hapa bila nyusi, utanifukuzia wateja."

Nilipomweleza ni kwa ajili ya nini aliacha kucheka. Aliingia stoo akatoka na kibodi kuukuu, spika mbili ndogo, na mfuko wa makorokoro ya kompyuta nyingine zilizokufa. Akasema nifike mapema asubuhi kabla ya wateja, nitumie intaneti ya duka kupakua ninachotaka. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea heri. Si kila bosi anamwachia kijana funguo ili akahangaike na ndoto yake.

Nilipoifungua nyumbani nilikuta nyigu walishajenga nyumba ya udongo karibu na feni. Nikaibomoa kwa njiti ya kiberiti, nikiwaomba radhi. Vumbi nililipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kadi za kumbukumbu nilizisugua kwa kifutio cha penseli mpaka meno yake ya shaba yakang'aa, nilivyoona kwenye video, na kifaa cha kupitisha umeme nikakihamisha kutoka kwenye maiti mwingine. Nikabonyeza. Ikalia mlio mmoja mfupi, kama kifaranga, na feni ikazunguka.

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mahindi. "Imesema nini?"

"Imesema ipo, Mama."

"Basi iambie karibu," akasema, akaenda zake. Kesho yake nikakuta ameshaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe chenye maua, kama alivyofunika televisheni, redio na mitungi ya maji. Alikuwa ameikaribisha kweli. Tatizo ni kwamba kompyuta inapumulia mgongoni, na siku ya kwanza tu ilipata joto ikazimika. Nilishindwa kumwambia aondoe kitambaa. Baba ndiye aliyetatua. Kwa kupapasa tu, alitengeneza kiboksi cha mninga kilichosimama nyuma ya mashine kama ukuta wenye matundu, kitambaa kikalala juu yake, na hewa ikapita chini. Mama akaridhika, mashine ikaridhika.

Mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta nao ulinitoa jasho. Niliuweka kutoka kwenye flashi, umeme ukakatika katikati, nikaanza upya, ukakatika tena. Ulipokubali nikaanza kazi ya kitabu. Kila asubuhi nilikibeba mpaka dirishani, napiga picha ukurasa baada ya ukurasa kwa simu, kisha programu nyingine inazigeuza picha kuwa maandishi. Ilikuwa inakosea ovyo, penye doa la chai inaweka nukta, kwa hiyo ilinibidi nisome kila mstari nisahihishe. Baba akashtukia.

"We mtoto, umeshafika mwisho?"

"Nimefika, Baba."

"Unajua nani alifungua mlango?"

"Najua."

"Nyamaza hivyo hivyo. Neno moja tu na huu urithi wa misumeno utakwenda kwa jirani."

Siku ya kumsomea nikamkalisha, nikaweka spika mezani, nikabonyeza. Sauti ikatoka, ya mwanaume fulani asiye na kabila, kavu, kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Ilianza moja kwa moja na ukurasa uliokunjwa. Baba alisikiliza sentensi mbili, akainua mkono.

"Zima. Huyu ni nani?"

"Ni programu, Baba. Ni kompyuta inasoma."

"Nimesikia. Nauliza ni mtoto wa nani anayeingia kwenye nyumba ya watu akaanza kuhadithia bila salamu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliinuka akaenda kwenye karakana yake, na jioni ile hatukusikia kitu. Mama akaniambia taratibu, tukichambua mboga, "Baba yako hajakataa mashine. Kaona inamwongelesha kama mtu asiyekuwepo. Watu wakijua huoni vizuri huwa wanafanya hivyo. Wanaanza kuongea tu."

Sikuwa nimeliona hilo. Nikarudi kwenye kompyuta, juu kabisa ya kila sura nikaandika: Shikamoo Baba. Jioni iliyofuata nikambembeleza akae tena. Sauti ikasema, "Shikamoo Baba," na bila kumeza mate ikaendelea na hadithi.

"Mara..." Baba alianza, akakatizwa. "Mbona hasubiri niitikie?"

Basi nikajifunza kuandika amri ya kuisimamisha kidogo. Nilihangaika nayo, maana video zote zilikuwa za Kiingereza cha haraka na mimi changu ni cha kuulizia njia. Mtu mmoja nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, alinijibu kwenye jukwaa la mtandaoni akanielekeza mstari wa kuandika. Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya salamu. Akaniandikia kwamba hajawahi kuulizwa swali zuri namna hiyo. Sijui alikula nini jioni ile, natumaini kilikuwa kitamu.

"Shikamoo Baba," ikasema mashine, ikanyamaza.

"Marahaba," Baba akaitikia. Akajiegemeza. "Ana mafua, lakini ana adabu. Haya, soma."

Kilichobaki ni yeye kuizima na kuiwasha mwenyewe. Niling'oa vitufe vyote vya ile kibodi kuukuu nikaacha kimoja, kile kirefu cha chini, na ili vidole vyake visihangaike kukitafuta nikakibandika punje ya hindi katikati kwa gundi kali. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani kwenye turubai, shangazi alitutumia kutoka Maposeni, punje hazikuwa shida. Baba alipapasa, akaikuta, akabonyeza: ikasoma. Akabonyeza: ikanyamaza. Akatazama ukuta kwa muda. Akabonyeza tena. Nilitoka nje nikajifanya naangalia nguo kwenye kamba.

Hakwenda haraka. Alirudi nyuma ya ule ukurasa uliokunjwa, akaanza sura nzima upya apate kukumbuka, na kila siku alijipimia kidogo. Mpaka siku moja akatangaza kwamba kesho ndiyo ya mlango wa bluu. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kazini, nilimwekea tayari kila kitu, kompyuta imewaka, sura ya mwisho imefunguliwa, kisha mteja akamwita Baba karakana kuhusu kitanda. Mimi nilikuwa kazini. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anapika. Mlango wa sebuleni uko wazi, na pale uani kuku wanafukuzwa kwenye turubai tangu asubuhi.

Sisi ndio tuliowafundisha kwamba punje ya hindi ni yao ikiwa tu hakuna anayewaona.

Nilisimuliwa na Mama. Alisikia sauti ya pipa ikisema "Shikamoo Baba", ikanyamaza kidogo, halafu ikaanza kusoma. Akadhani Baba amerudi. Akaendelea kukoroga, akisikiliza kwa sikio moja. Mlango wa bluu ukafunguliwa. Mama akapunguza moto asikie vizuri. Sauti ikasoma, ikakatika, ikaendelea, kama Baba alivyozoea kuisimamisha, mpaka ikafika mwisho. Ndipo alipoingia na mwiko mkononi akamkuta kuku mweupe juu ya meza, anaidonoa punje, gundi inamkatalia.

Nilirudi jioni nikakuta nyumba haina amani.

"Mama yako anajua," Baba aliniambia kabla hata sijamwamkia. "Kuku anajua. Wewe unajua. Mimi mwenye kitabu ndiye sijui."

"Si ubonyeze ujue," Mama akasema. "Hakuna aliyekuzuia."

"Nikisikiliza na wewe umekaa hapo unatabasamu?"

"Umejuaje kama natabasamu?"

"Nimekuoa miaka yote hii, nisijue?"

Mama alikwenda jikoni. Akiwa huko akasema, kana kwamba anaongea na sufuria, "Mimi nimempenda yule mwanamke." Baba alivumilia mpaka chai ilipoisha, kisha akavuta kiti, akaipapasa punje, ambayo sasa ilikuwa na kovu, akabonyeza. Akaitikia salamu.

Nitasema tu yaliyosomwa sebuleni. Mlango unafunguliwa na mtoto. Nyuma yake, yule dereva anakula na familia nyingine. Mwanamke anamwona, na yeye anamwona. Halafu mwanamke anamuuliza yule mtoto njia ya kurudi stendi, anashukuru, anaondoka. Kitabu kinaishia hapo.

Baba aliondoa mkono kwenye punje. Nilikuwa namwangalia uso, nikingoja machozi, maana nami nilishayaandaa ya kwangu.

"Bure kabisa," akasema. "Ametembea kitabu kizima, amelala stendi, ameuza bangili zake, anafika, halafu hasemi neno?"

"Aseme nini?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Aseme chochote. Angalau amtukane."

"Ili iweje? Alikuwa anataka kujua. Amejua."

"Wewe ungenyamaza?"

Mama akaja mpaka mlangoni, anafuta mikono. "Mimi ningevunja sahani zote. Ndiyo maana nimempenda yeye."

Baba akacheka, na kwa kuwa alicheka akazidi kubisha. Alisema mwandishi amechoka tu akaweka kalamu chini. Mama akasema mwanaume hawezi kuelewa kuondoka kwa namna ile. Mama yangu, ambaye maisha yake yote vitabu vilimwangukia kifuani, alikuwa anabishana kuhusu kitabu, na Baba anamjibu kavukavu kama anavyobishana na mafundi wenzake, wala hakuna aliyekumbuka macho. Mimi nilikaa kwenye mkeka na bisibisi yangu, sina la kurekebisha. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru dada wa duka, na yule mtu wa jukwaani. Na kuku pia, kwa moyo mmoja.

"Huna hoja," Baba alisema mwishoni. "Hukusikia vizuri, ulikuwa unapika. Kaa hapa. Narudisha pale anapopiga hodi, na safari hii usisinzie."

Mama akavuta kigoda karibu na spika, akakaa.