Marahaba za Shangazi

Shangazi yangu huandika majina ya maduka ukutani kwa brashi, bila rula wala chaki. Akishapanda ngazi, ncha ya ulimi hujitokeza pembeni mwa mdomo, kopo la rangi hutulia mkononi kana kwamba limeota hapo, na hata nyumba ya pili ikiungua hageuki. Wapita njia humwamkia, naye kimya. Sisi wa mtaani tumezoea.

Jana mwenye duka jipya, ambaye hajamzoea, alikuja kutazama jina lake likiandikwa. "Shikamoo, mama," alisema huku akikohoa. Akarudia. Kisha akanigeukia mimi. "Dharau gani hii?"

"Si dharau, kaka. Yuko ndani ya herufi," nikamjibu kifua mbele.

Brashi ikashuka taratibu, ikazunguka tumbo la S, ikamalizia mkia bila kutikisika. Shangazi akashusha pumzi, akateremka, akaanza kuitikia. "Salama, fundi viatu. Mzima, mama pacha, wanao hawajambo?" Wenyewe walishapita zamani. Ndipo akamtazama mwenye duka.

"Marahaba zote mbili, mwanangu. Na hicho kikohozi unakilea cha nini?"