Baba Alipoacha Jiko

Baba yangu alikuwa mpishi. Kwa miaka zaidi ya thelathini alipikia wanafunzi katika shule moja ya bweni huko Bungoma, akisonga ugali kwa mwiko uliozidi urefu wa mtoto na kuchemsha maharagwe katika sufuria ambazo mtu mzima angeweza kukaa ndani. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Alipostaafu alirudi nyumbani Kabuchai. Mama alikuwa ameshafariki. Mke wa kaka yangu, aliyeishi boma hilohilo, angempikia kwa furaha, lakini Baba hakutaka. "Huyo mtoto ana haraka," alikuwa akisema. "Chakula kinataka mtu wa kukingoja."

Naanza na hilo ili ieleweke ni mtu wa aina gani niliyemwambia kwamba moto unaua chakula.

Mimi naishi Kitale, nimeajiriwa katika duka la agroveti. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Mwaka ule nesi alinipima akaniambia nina presha, akanipa vidonge na kuniagiza nipunguze chumvi na mwili. Wiki hiyohiyo mwanamke tunayeimba naye kwaya akanialika kwenye semina ya afya katika ukumbi wa kanisa. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeogopa. Mama yangu alikufa kwa presha.

Aliyetufundisha alikuwa bwana mmoja mtaratibu, wa sauti ya chini, mwenye ngozi nyororo kama ya kijana ingawa alituambia ana wajukuu. Aliweka mezani punje mbili za maharagwe. Moja ilikuwa kavu, nyingine imetoka kwenye sufuria. Akauliza, "Nikizipanda hizi mbili, ipi itaota?"

Ukumbi mzima tukajibu. Yeye akainua ile iliyopikwa, akasema, "Basi mbona mnakula ile maiti?"

Mimi ni muuza mbegu. Kila siku watu huniuliza kama mbegu zangu zitaota. Swali lile lilinikamata kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Nikatoa daftari na kuandika kila alichosema, pamoja na maneno haya, ambayo mpaka leo nayakumbuka kwa moyo: mwili ukishaoshwa na chakula kibichi, dawa hukosa kazi ya kufanya.

Nilianza Jumatatu, vidonge vya nesi nikaviweka kando. Asubuhi papai na ndizi, mchana kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti, matango na avokado, jioni karanga zilizolowekwa na ndengu zilizochipua. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma hadi nikawakaripia wateja. Wiki ya pili nikaamka mwepesi, na sketi yangu ya kazini ikaanza kuzunguka kiunoni. Siku hiyo nikampigia Baba.

Baba alikuwa na sukari kwa miaka minane. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, na alilalamika kwamba nyayo zake zimekuwa kama zimefungwa vitambaa. Nilimweleza yote, bila kuruka neno, na habari ya zile punje mbili pia.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Kwa hivyo hiyo miaka yote mimi nilikuwa napea watoto wa watu maiti?"

"Hapana, Baba. Hakuna aliyejua."

"Lakini sasa tumejua."

Wiki mbili baadaye nilimpelekea gunia dogo la karoti na kabichi kutoka soko la Kitale. Tuliketi barazani, yeye na kisu chake cha zamani kilichochongoka kwa kunolewa. Alikata kabichi ikawa nyembamba kama nyuzi, upesi kuliko macho yangu, huku akiniuliza mambo ya ule ukumbi na yule bwana. Tulikula tukiwa tumeshika sahani magotini. Akasifu utamu wa karoti. Sijui kama niliwahi kukaa na baba yangu kwa raha namna ile tangu nilipokuwa msichana, na hilo nalo liliniponza baadaye, kwa kuwa sikutaka liishe.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha alikwenda kwenye zahanati kupimwa. Akanipigia akiwa bado njiani, anahema.

"Imeshuka! Nesi amepima mara mbili, ati hakuamini mashine!"

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale dukani, mbele ya mzee aliyekuja kununua dawa ya kupe.

Mimi nilianguka wiki ya sita. Ilikuwa siku ya mvua, baridi ile ya Kitale inayoingia kwenye mifupa, na mama mwenye hoteli jirani akaniletea bakuli la githeri, mahindi na maharagwe ya moto, kwa wema tu, kwa vile nilikuwa nimemshauri kuhusu kuku wake. Mvuke ulinipiga usoni. Nilikula nikiwa nimesimama nyuma ya magunia ya mbolea, nikamfuata hotelini kwake, nikaomba bakuli la pili. Kesho yake nilikula ugali. Keshokutwa sikujidanganya tena. Nilirudia vidonge vyangu vya presha, nikapunguza chumvi kama nesi alivyosema tangu mwanzo.

Lakini Baba alikuwa akinipigia kila jioni. "Leo umekula nini, Mama?"

"Karoti," nilimjibu. "Na avokado." Sahani ya wali ilikuwa mezani mbele yangu. Nilisema vile jioni ile, nikasema tena jioni iliyofuata, na kwa muda wa miezi miwili sikupata jioni iliyofaa kusema kweli. Yeye alikuwa akinieleza mambo mapya aliyojaribu: mrenda mbichi, ambao ulimshinda kwa kuteleza, punje za wimbi alizozichipuza kwenye kitambaa, mayai mabichi. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nilijiambia kwamba mtu anayepata nafuu hapaswi kuvunjwa moyo.

Kisha mke wa kaka yangu akanipigia. Alizungumza kwa sauti ndogo, nafikiri alikuwa nyuma ya nyumba.

"Dada, kuja uone mzee. Dawa alimwaga kwa choo. Anakunywa maji jagi baada ya jagi. Na anatafuna miwa mchana kutwa."

"Miwa? Na sukari yake?"

"Anasema muwa ni mbichi. Haujapita kwa moto."

Nilifika Jumapili alasiri. Nyuma ya nyumba ya Baba shamba la miwa linaanzia hatua chache tu kutoka mlangoni, na maganda yaliyotafunwa yalikuwa yamelundikana kando ya kiti chake. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda hadi ukosi wa shati ulimzunguka shingo kama wa mtu mwingine. Jiko lake lilikuwa limefagiliwa majivu yote. Mafiga matatu yalikuwa masafi.

Nilipiga magoti mbele yake. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo.

"Baba, mimi niliacha. Nimeacha zamani. Nimekuwa nikikudanganya kwenye simu. Nakula ugali, nakula nyama, nameza dawa zangu. Tafadhali rudia zako."

Nilitaka akasirike. Angenitukana, labda angeiacha ile njia kwa hasira tu. Badala yake aliniwekea mkono kichwani.

"Umeanguka," akasema kwa upole. "Si kitu. Hata waliookoka wanaanguka."

"Si kuanguka, Baba. Ni kwamba haikuwa kweli. Si yote."

"Maharagwe iliyopikwa inaota?"

"Haioti."

"Sasa?"

Yeye akafumba macho, akaniombea nipate nguvu ya kurudi. Aliomba kwa muda mrefu, na nilipofungua macho yangu mke wa kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ugali na kuku aliyoileta kwa ajili yangu, hajui aiweke wapi.

Tulijaribu kila tulichoweza. Kaka yangu, ambaye hufanya biashara Lwakhakha mpakani, alikuja akapiga kelele nusu siku, kisha akarudi mpakani. Mchungaji alikuja akazungumza vizuri. Baba akamsikiliza vizuri na kumkaribisha karoti. Nesi wa zahanati alimwambia kwamba sukari imepanda kupita ile ya mwanzo, naye akajibu kwamba ni uchafu unatoka. Nilimnunulia vidonge vingine. Alinishukuru, akavipanga juu ya kabati, na nilipokuja tena niliviona palepale, vimefunikwa kitambaa ili visiingie vumbi. Kila neno nililotafuta kumwambia nilikuta ana neno langu mwenyewe la kunijibu, lile la zamani, tena alilikumbuka vizuri kuniliko.

Mwezi mmoja baadaye alikanyaga kisiki cha muwa. Kilipenya kandambili kikaingia wayo. Hakuhisi. Ni mke wa kaka yangu aliyeona nyayo za damu sakafuni na kuzifuata hadi kwenye kiti chake. Alipomwonyesha, Baba alishangaa kama mtu anayeonyeshwa mguu wa mwenzake. Akataka asali mbichi na utomvu wa mshubiri, akajifunga mwenyewe, akakataa hospitali siku kumi. Siku ya kumi na moja hakuweza kuinuka, wala hakujua yuko wapi. Mke wa kaka yangu na majirani wawili walimbeba hadi kwenye gari. Mimi niliwakuta hospitalini Bungoma saa sita mchana, nikiwa bado na aproni ya dukani.

Kidonda kilikuwa kinanuka kutoka mlangoni. Walimtundikia maji na dawa ya sukari, na baada ya siku mbili akapata fahamu. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuniliko, mwenye macho ya uchovu. Alisimama miguuni pa kitanda na faili.

"Mzee, hizi dawa uliacha lini? Na ni nani alikuambia uache?"

Nilikuwa nimeketi kandokando ya mto wake. Nilifungua mdomo.

"Hakuna mtu," Baba akasema. "Ni mimi mwenyewe. Nilisikia watu wakisema."

"Watu gani?"

"Watu tu, daktari. Huko sokoni."

Daktari akaandika. Nilipaswa kusema pale. Maneno yalikuwepo, machache, ningeyasema kwa pumzi moja. Nilimtazama Baba, naye alikuwa akitazama dirishani. Daktari akafunga faili, akaniita nje, akanieleza kwamba mguu hauponi na wataukata chini ya goti. Akanipa karatasi ya kutia sahihi kwa kuwa mkono wa Baba ulikuwa ukitetemeka. Nikatia sahihi.

Alipokuwa bado wodini nilitafuta namba ya yule bwana wa semina, nikaipata kwa yule mwanakwaya. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali. Alipokea simu kwa sauti ileile ya chini, akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole kwa dhati. Kisha akasema, "Lakini dada, mimi sijawahi kumwambia mgonjwa wa sukari atafune miwa. Wala kutupa dawa."

Na kweli hakuwahi. Nililifungua daftari langu, nikasoma ukurasa wote. Miwa haikuwemo. Dawa zilikuwemo katika ule mstari mmoja, ambao yeye aliusema kwa ujumla katika ukumbi uliojaa, na mimi nikauchukua na kumpelekea mtu mmoja aliyeniamini. Nilimshukuru bwana yule kwa muda wake. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Siku hizi Baba anaishi nami Kitale, kwa kuwa nyumba yangu haina ngazi. Anameza dawa zake bila kukumbushwa. Anakula kila ninachomwekea, hachagui, hasifu, halalamiki hata ninapokosea. Nimewahi kumpa wali mbichi katikati, makusudi, ili aseme tu neno. Alikula akamaliza, akasema asante.

Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara ya kwanza alisema yamepita. Mara ya pili, nikiwa namfunga kisiki cha mguu kitambaa safi, aliniuliza kama duka linauza mbegu za mahindi msimu huu, nikamjibu kwamba zinauzika.

Mwezi hadi mwezi tunakwenda kliniki ya sukari. Wagonjwa hukaa kwenye benchi ndefu, na kwa kuwa kusubiri ni kwingi, kila mtu huulizwa yaliyompata. Juzi mama mmoja kutoka Kiminini alimwuliza Baba kuhusu mguu. Naye akamweleza jinsi alivyokwenda shambani kuangalia miwa yake, jinsi kandambili zilivyokuwa zimelika, jinsi kisiki kilivyoingia bila yeye kujua. Husimulia vizuri, kwa utaratibu, na kila mara huanzia palepale, kwenye shamba.

"Pole sana," yule mama akasema. Akanigeukia. "Na huyu ni binti yako? Una bahati, mzee. Wengine wanatupwa huku."

"Huyu ndiye ananiangalia," Baba akasema.

Yule mama akanitabasamia, akingoja nitabasamu. Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kadi ya Baba ya kliniki kwenye mfuko, ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.