Unaita Mmoja, Wanaitika Wawili

Saa moja asubuhi, theluji ingali inaanguka mjini Wausau, na Verna Dombrowski yuko karakanani, ameinamia bodi ya kielektroniki ya tangi la kupozea maziwa. Kulia kwake, kwenye kiti cha kiongozi wa meza ya majaribio, ameketi Pahoua Xiong. Verna hageuki kukitazama kiti hicho.

"Miaka ishirini na sita nimekisubiri," ananong'ona. "Mwenzangu ana mitatu tu hapa."

Verna, 57, hulipwa dola 27 kwa saa kutengeneza bodi za mashine za wafugaji. Pahoua, 31, ana cheti cha chuo, Verna hana. Msimamizi alipotangaza Oktoba kwamba Pahoua ndiye kiongozi mpya, Verna alipiga makofi pamoja na wenzake, kisha akaenda kujifungia garini mwake.

Akieleza kazi yenyewe, uso wake hulainika. Kwenye bodi, prosesa, yaani ubongo wake, huzungumza na vifaa vyote kupitia nyaya mbili za pamoja. Hutangaza namba. Kila kifaa husikia, lakini chenye namba hiyo tu ndicho kinachojibu, vingine hunyamaza.

Januari, Pahoua alibadilisha kipimajoto kimoja kati ya viwili vya bodi moja. Kila kimoja kikiwa peke yake kilisoma sawasawa. Vikiwekwa pamoja, vurugu.

"Jamani, haya maziwa au uji wa motoni?" Pahoua alilalamika, akitazama vipimo vikirukaruka. "Dada Verna, hebu nionee huruma."

"Si wewe ndiye bosi? Tafuta."

Verna alikuwa ameshajua. Kipimajoto kipya hutoka stoo kikiwa na namba ileile ya mwenzake, na fundi lazima akate kinjia kidogo cha shaba ili namba ibadilike. Pahoua hakukikata. Prosesa ikaita mmoja, wakaitika wawili, majibu yakagongana.

"Nilinyamaza dakika arobaini," anakiri, macho chini. "Nikanywa kahawa yangu. Sijawahi kunywa kahawa tamu kama ile."

Kisha mfugaji mwenye bodi akapiga simu kuiulizia: lita elfu nane za maziwa zilikuwa zinapata joto tangini. Verna akainuka, akachukua kisu, akakikata kile kinjia. Vipimo vikatulia.

Msimamizi alipokuja kumpongeza Pahoua, binti huyo hakusita: "Si mimi. Ni dada Verna."

"Hapo ndipo aliponimaliza," Verna anasema. "Angejisifia, ningemchukia kwa raha zangu."

Uteuzi hufanywa upya kila mwaka. Mei, Verna atafanya mtihani wa cheti. Hesabu zinamtoa jasho, na Pahoua amejitolea kumfundisha. Imemchukua Verna wiki mbili kumpa jibu.

"Nimekubali. Jumapili anakuja kwangu, nitamwokea kuku," anasema, kisha anainua kidole. "Lakini wewe andika vizuri: kiti chake bado nakitaka. Na nimeshamwambia."