Kanga ya Dada Karakanani

Karakana ya matrekta kule Nachingwea ilikuwa na kelele za kumtoa mtu akili, lakini mimi nilichokiogopa ni kimya cha mtu mmoja. Fundi mwenzetu, Mmwera wa Nkowe, alikuwa ametoka kumzika dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki. Hakulia, hakula, na alikuwa akiinamia injini inayonguruma mpaka shati likagusa mkanda wa feni. Siku yoyote mkanda ungemvuta. Msimamizi wetu, Mzungu, alimpa pole ya mdomoni, akasema kazi itamsahaulisha. Kazi! Hiyo kazi ndiyo iliyokuwa inataka kumla.

Tukamwomba Mngoni wetu, fundi wa kupaka rangi, amtanie. Wangoni na Wamwera ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kumwigiza hata marehemu, ili mfiwa acheke au alie, mradi afunguke.

Mchana, injini zilipozimwa, Mngoni alichomoa kanga ya marehemu kwenye mfuko wa mfiwa, aliyokuwa akitembea nayo tangu mazishi, akajitanda, akaja akichechemea na kukohoa.

"We Mmwera mzembe, kama ugali huutaki nipe mimi, huko nilikokwenda hawapiki!"

Tukaangua kicheko. Mfiwa alikuwa anatazama chini tu. Ndipo likaitwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, kwa sauti ya mwanamke, ya upole, kama anayemwamsha mtoto. Kicheko kikakatika. Nilisisimka mwili mzima, na jua lilikuwa la utosi.

Mfiwa aliangusha spana, akalia kilio kikubwa, nami nikalia naye.

"Jina hilo nililiacha jandoni," alisema alipoweza kusema. "Aliyebaki akiniita hivyo ni dada tu, tukiwa wawili. Niite tena, mtani wangu. Mara moja tu."

Mngoni alikuwa anashindwa hata kuivua ile kanga.

"Ndugu yangu, mimi nimesema ya ugali, basi. Jina sijalitaja. Ningelijuaje? Nilidhani kuna mwanamke ameingia nyuma yangu."

Nyuma yake palikuwa na ukuta wa mabati. Sote tuligeuka kuutazama, isipokuwa mfiwa. Yeye alimvua mtani wake kanga, akaikunja vizuri, akanawa mikono, akauliza kama ugali wake umebaki. Alikula wote. Sisi ndio tulioshindwa kumeza.