Kiti cha Mvule na Pole ya Msiba Wangu

Wadau, mwaka jana nilipewa mkono wa pole kwa msiba wangu mwenyewe.

Siyo ndoto. Siyo ushirikina. Ilikuwa mchana kweupe, Kihonda, mbele ya karakana yangu, mikono yangu imejaa vumbi la msasa.

Bibi mmoja mwembamba alisimama mlangoni, khanga kaifunga kiunoni, kikapu mkononi. Alikuwa anaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta turubai la msiba.

"Shikamoo bibi," nikamwambia. "Karibu."

"Marahaba mwanangu. Hapa ndipo kwa fundi Felista?"

"Ndipo hapa."

Akaweka kikapu chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Poleni sana. Tumechelewa kuja, mvua imeharibu njia za kwetu. Wewe ni mdogo wake marehemu?"

"Marehemu yupi, bibi?"

"Si Felista."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye hajaelewa.

"Bibi, Felista ni mimi."

Hakucheka. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akainua kiganja, kigumu cha mtu wa jembe, akakiweka shavuni kwangu.

"Una joto," akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe.

Ngoja niwarudishe nyuma ili tuende sawa.

Kazi yangu ni fanicha chakavu. Natafuta vitu ambavyo watu wamevikatia tamaa, navirudisha mjini vikiwa vinang'aa.

Nilianza kwa bahati tu. Jirani yangu mmoja, mtumishi, alihamishwa kikazi, akaacha meza nje ya nyumba. Imepakwa rangi ya mafuta ya bluu, mguu mmoja umetenguka, kuku wanalala juu yake. Akaniuzia kwa bei ya kutupa, huku ananicheka.

Nikaanza kukwangua. Chini ya bluu kulikuwa na kijani. Chini ya kijani, nyeupe.

Chini ya nyeupe, mama yangu! Mninga! Mwekundu, mistari yake imelala kama nywele zilizochanwa.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu kama chizi.

Basi nikanogewa. Wenzangu wakipata mapumziko wanakwenda kula nyama choma, mimi nachungulia nyuma za nyumba za watu. Nikiona kabati limegeuzwa banda la kuku, moyo unanidunda. Nikiona kitanda cha besera kimetupwa kwenye mvua, usingizi hauji. Wanafunzi wa Mzumbe wakimaliza chuo na kuuza vitu vyao, mimi nipo pale alfajiri kabla ya madalali.

Baba yangu alikuwa seremala. Alinifundisha randa, gundi na kunyoosha kiungo kilicholegea. Ila raha ya kufufua kitu sikufundishwa na mtu. Unasugua mpaka mabega yanawaka moto, halafu unapitisha vanishi mara ya kwanza, na rangi ya mti inachomoza mbele ya macho yako. Kitu kilichodharauliwa kinakutazama. Nani atakuelewa ukimweleza?

Ezekiel alinielewa. Au ndivyo nilivyodhani.

Alikuja kama mteja, akakaa mpaka jioni ananiangalia nafanya kazi. Kesho yake akarudi. Keshokutwa pia. Jamaa alikuwa na mdomo mtamu na mikono isiyoogopa mzigo.

"Feli, wewe unahangaika na makabati ya mjini," akaniambia siku moja. "Huko juu Mgeta nyumba za wazee zimejaa vitu vya enzi za wamisionari. Mvule mtupu. Wajukuu wao wanataka viti vya plastiki na masofa. Wazee wenyewe wanauza bei ya maji."

"Una uhakika?"

"Niachie mimi. Kazi yako ni msasa, kazi yangu ni milima."

Na kweli, akawa anapanda na kushuka na vitu. Jamani, vitu! Kiti cha mvule chenye mikono mipana unayoweza kuweka kikombe cha chai. Kabati la vyombo lenye vioo vya maua. Kitanda ambacho msumari haukugusa popote, mbao zimeshikana zenyewe kwa zenyewe.

Cha kwanza kabisa kuleta kilikuwa meza ya kigango cha huko Mgeta, kanisa lao dogo, ile ya altare, imeliwa na bungua miguu yote.

"Hii tuwatengenezee bure, iwe sadaka yetu," akasema.

Nilimpenda zaidi siku ile. Niliitengeneza meza ile kama naandaa harusi yangu. Alinipiga picha nikiwa nimeipigia magoti, napaka vanishi.

Na hakuwa anarudi mikono mitupu. Leo mapichi, kesho stroberi, siku nyingine njegere mbichi bado kwenye maganda yake. "Nimekukumbuka njiani," anasema.

Alishajitambulisha nyumbani kwetu. Mama alimpenda. Tulikuwa tunatafuta tarehe ya ndoa.

Sasa turudi kwa bibi.

Nilimkalisha kwenye benchi, nikampa maji. Akaniambia anaitwa Bibi Magdalena, ametoka Mgeta, ameletwa mjini kliniki ya macho na akaona aibu kupita bila kufika msibani, akaulizia njia mpaka hapa.

"Mumeo, Ezekiel, alituambia umekufa kwa homa," akasema. "Akasema mmekuzika kwenu, mbali, na ndugu zako wamefunga karakana, wanagombea mali. Ndiyo maana vitu vyetu havitarudi."

"Vitu vyenu vipi, bibi?"

"Si vile tulivyokupa ututengenezee."

Nilikuwa naogopa swali linalofuata, lakini ilibidi niulize.

"Hamkumuuzia?"

"Kuuza!" Bibi akashtuka kama nimemtukana. "Mwanangu, alituletea ile meza ya kigango, inang'aa, tukafurahi mpaka tukapiga vigelegele. Akatuonyesha picha yako umepiga magoti. Akasema mke wangu ana nadhiri, anatengeneza vitu vya wajane na wazee bila malipo. Nani atakataa? Kila mtu akatoa chake."

Mimi ndiye niliyekuwa chambo, wadau. Sura yangu. Magoti yangu.

"Na tulikuwa tunakutumia shukrani," akaendelea. "Mapichi uliyapata? Yale ya kwanza yalikuwa ya kwangu. Na njegere za Mama Joyce?"

Kila tunda nililokula nikijiona napendwa, lilikuwa limetumwa kwangu na mtu mwingine. Ezekiel hakunikumbuka njiani hata siku moja.

Ndipo bibi alipogeuza shingo akakiona kiti cha mvule. Kilikuwa pembeni, nimekimaliza wiki ile, kinasubiri mteja aje kukichukua.

Akainuka. Akakizunguka. Macho yake ni ya kliniki, nimewaambia, kwa hiyo alikitambua kwa vidole. Akapapasa mikono ya kiti, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena.

"Stefano," akaita.

Stefano ni marehemu mumewe. Alikichonga mwenyewe, mwaka waliooana.

Akakaa. Akalaza mikono yake juu ya mikono ya kiti, akafumba macho, machozi yakawa yanatiririka bila sauti.

"Umekifanya kizuri," akasema. "Kama siku alipokileta ndani."

Nimesifiwa na watu wengi kwenye kazi hii. Sifa ile ilinichoma kuliko tusi.

Nikachukua simu, nikampigia Ezekiel. Nilijilazimisha sauti itulie.

"Njoo karakana, kuna mteja wa vitu vya Mgeta."

"Nakuja chap, mpenzi."

Alishuka kwenye bodaboda anapiga mluzi. Akaingia, tabasamu mpaka masikioni. Macho yake yakakutana na bibi aliyekaa kwenye kiti.

Mluzi ukakatika.

"Mwanangu Ezekiel," bibi akamwambia kwa upole, "njoo umsalimie mkeo. Amefufuka."

Nilisubiri akane. Kwa kweli nilitaka akane, aseme bibi amechanganyikiwa, nimwamini. Mpaka dakika ile bado nilikuwa namtafutia mlango wa kutokea.

Hakukana. Alinivuta pembeni, akaanza kuninong'oneza.

"Feli, kausha kwanza. Vile vitu vingeliwa na mchwa kule. Wale wazee wanavifanyia nini? Wewe ndiye uliyevipa thamani. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Uliniua kwa ajili yetu?"

"Walikuwa wanataka kuja kuvifuata! Ningefanyaje? Ilikuwa maneno tu."

Maneno tu.

"Toka," nikamwambia.

"Feli..."

"Ezekiel, toka kabla sijashika nyundo."

Alitoka. Hakumwomba bibi hata samahani. Ile bodaboda iliyomleta ilikuwa bado haijaondoka, akapanda hiyohiyo.

Bibi alilala kwangu, na kesho yake nilikodi pikapu ndogo. Nikapakia kiti, na kabati la Mama Joyce ambalo lilikuwa bado halijauzwa, bibi akakaa mbele na dereva, mimi nyuma nikiwa nimeshikilia mizigo. Barabara ya kule inapanda inazunguka, matuta ya mboga pembeni yamening'inia kama ngazi. Siku zote nilikuwa naiona milima ile kwa mbali ikiwa imefunikwa na wingu, nikidhani mchumba wangu yuko huko ananitafutia maisha.

Tulipofika, mwanamke mmoja aliyekuwa anachuma maharage alinikodolea macho, akaacha ungo wake, akakimbia.

Wakaja watu. Wengine walinigusa. Wengine walisimama mbali kidogo, wakifanya ishara ya msalaba. Bibi Magdalena akawa anawaambia, "Ni mzima! Ana joto, mshikeni!"

Katekista wao, Mzee Tomasi, alinipeleka ndani ya kigango. Meza yangu ilikuwa pale mbele, imetandikwa kitambaa cheupe.

"Tulikuombea hapahapa," akaniambia. "Kanisa lilijaa. Watu walilia mtu ambaye hawajawahi kumwona."

"Na Ezekiel alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikaa benchi la mbele na nguo nyeusi. Alilia, mwanangu, mpaka wanaume wawili wakamshika mabega. Tukasema huyu mke alipendwa."

Nikaomba kukaa.

"Hatukuwa na kikubwa cha kumpa mfiwa," Mzee Tomasi akaendelea. "Tukampa jogoo. Jogoo wa Bibi Magdalena, mwekundu, mkubwa. Tukamwambia akawape waliobaki nyumbani, wapate mchuzi."

Jogoo mwekundu.

Wadau, nilimkumbuka. Ilikuwa Jumapili. Ezekiel alikuja na jogoo kamfunga miguu, anacheka, akasema amepata bahati leo. Nilimchinjisha kwa jirani, nikamuunga na nazi, nikapika na wali wa Dakawa. Tulikula tukashiba. Alinilisha paja kwa mkono wake, akaniambia, "Kula mke wangu, unenepe."

Alikuwa ametoka kunililia asubuhi ile.

Nililishwa jogoo wa msiba wangu mwenyewe.

Nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya kanisa, nikatapika. Bibi Magdalena alinifuata akanishika mgongo. Sijui hata kama aliambiwa kwamba jogoo wake nilimla mimi.

Vitu vingine nilivifuatilia kimoja kimoja. Mama mmoja mhadhiri aliyenunua meza ndogo yenye kigae juu alinisikiliza, akairudisha kwa gari lake mwenyewe, akakataa hata soda. Mwenye gesti aliyechukua kile kitanda kisicho na msumari alinifukuza. Akasema yeye alinunua, hadithi za wajane hazimhusu. Kitanda kile kipo mpaka leo kwenye chumba chake, watu wanalala. Mwenye kitanda, mzee wa watu kule Mgeta, alifariki masika yaliyopita akiwa analala chini kwenye godoro.

Hiyo sitaisahau.

Ezekiel tulimshtaki. Alihama mjini kabla hajashikwa, nikasikia yuko mikoa ya kusini. Mama yake alinipigia simu akaniomba nimsamehe mwanawe, eti kijana alipotoka. Nilimwambia, "Mama, shikamoo, lakini hapana." Nikakata.

Mama yangu mimi aliumia kuliko mimi. Mpaka leo akisikia pikipiki inasimama nje anauliza, "Siyo yule?"

Sitawadanganya kwamba nimepona. Kuna siku napaka vanishi, ile rangi inachomoza, furaha inakuja kama zamani, halafu katikati yake nasikia ule mluzi. Nasimama. Nangoja upite. Naendelea.

Lakini kazi sijaiacha. Sasa napanda milima mwenyewe. Natengenezea vitu uani kwa mwenye kitu, anaona kila ninachofanya, watoto wanaokota maranda wanachezea. Anayeuza, namuuliza mara ya pili na ya tatu mbele ya watoto wake kama kweli anauza. Wengine wanaghairi nikiwa nimeshakinyanyua kitu. Nakishusha. Tunakunywa chai.

Wadau wangu mnaopenda vitu vya mtumba, sikilizeni. Ukipata kitu kizuri kwa bei ya kutupa, furahi, ni haki yako. Ila muulize aliyekuletea: huyo aliyekitupa anaitwa nani?

Kisha funga safari, ukamsalimie.